Kikombe Kidogo cha Watazamaji

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike, huchonga maandishi kwenye vikombe vya ushindi. Tunamwita Nukta, maana hamalizi jina la mtu bila kuligongea nukta mwishoni, mwenyewe atake asitake. Kazi hiyo nilimfundisha mimi. Yeye anasema nilimwonyesha tu duka la kalamu za chuma, lakini hayo ni maneno ya mtu mwenye kijicho.

Mwaka huu kamati ya tuzo za filamu ilimletea vikombe viwili. Kimoja cha shaba, kirefu kama mkono wa mtu mzima, kilikuwa cha Filamu Bora, iliyochaguliwa na majaji. Cha pili ungedhani ni cha kulia yai. Hicho kilikuwa cha Chaguo la Watazamaji. Nukta akaisoma karatasi ya washindi, akaiweka chini, akaisoma tena.

"Shemeji," akaniambia, "Mkwe Kiziwi wameipa hiki kidude."

Hapo lazima nieleze. Tangu tumzike mama, mdogo wangu alikuwa hajacheka. Miezi kumi na moja. Alipika, alifua, aliitikia salamu, basi. Nilimtolea vichekesho vyangu vyote, hata vile vilivyowahi kuvunja watu mbavu, akanitazama kama anasoma risiti. Ndipo Nukta akampeleka kuona Mkwe Kiziwi, filamu ya mzee anayejifanya hasikii ili ajue wakwe zake wanavyomsengenya. Ukumbi ulifurika, watu wamekaa hadi kwenye ngazi. Mdogo wangu akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka. Kesho yake Nukta alikuja kwangu kunipa habari hizo akashindwa kuzimaliza kwa kulia. Mwanamume mzima na ndevu zake.

Sasa akaapa kuichonga Mkwe Kiziwi kwenye kile kikombe kikubwa, liwalo na liwe. Nikamuunga mkono, tena kwa sauti. Katibu wa kamati, binti mmoja wa miwani, alipopita kukagua kazi, nikamkabili.

"Mwanangu, hiyo filamu yenu bora, mwanamke anamsubiri fundi bomba saa mbili nzima na fundi haji. Tulikuwa watu saba ukumbini, wanne tukalala. Hii nyingine imejaza ukumbi wiki sita."

"Na wodi zikijaa, mjomba, tuseme ugonjwa ni mtamu?"

Nikasingizia kukohoa.

Nukta hakuwa na utani. "Mke wangu alicheka," akasema. "Miezi kumi na moja. Majaji wenu wana nini cha kuzidi hapo?"

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. "Wewe bwana," akasema, "unadhani nilicheka filamu?"

"Kumbe ulicheka nini?"

"Wewe. Kichekesho hakijafika, umeshaanza kukoroma kama pampu iliyokaukiwa. Watu wa mbele wanageuka. Halafu kila ukicheka unanichungulia kama nami nimecheka. Nikasema huyu atapasuka kwa kunisubiri."

Nukta akaiweka kalamu mezani polepole.

"Ile ya fundi bomba nimeiona pia," mdogo wangu akaendelea. "Jumatano mchana, peke yangu. Yule mwanamke kila siku anatandika kitanda kisicholaliwa na mtu. Nilimlilia mama mpaka taa zikawashwa. Waache wapewe chao."

Mimi niliyelala kwenye filamu hiyohiyo nikaangalia viatu vyangu.

Kikubwa Nukta alikichonga asubuhi moja, sawasawa na karatasi. Kidogo kilimchukua siku tatu. Katibu alikuja kukidai mara mbili, akaambiwa bado. Herufi hazikuwa na nafasi, na kikombe kiliteleza, ikabidi mdogo wangu akishike kwa mikono miwili huku mumewe anachonga, uso kwa uso. Kazi ilisimama mara kwa mara, kwa sababu mdogo wangu alikuwa anacheka na kikombe kinamponyoka.