Mti Uliojificha Ndani ya Mandolini ya Papa

Siku tuliyojua mandolini ya papa imetengenezwa kwa mti gani, mwanangu, naikumbuka kana kwamba bado nimo ndani yake. Nilikuwa msichana, tunakaa Cimpunda, mtaa wa Bukavu. Papa, baba yetu, alikuwa amekwisha kuaga dunia, akatuachia mandolini kuukuu, yaani gitaa dogo, aliyoinunua kwa bei rahisi soko la Kadutu. Dada yangu Furaha alitaka kuingia kanisani kwa sauti ya mandolini hiyo siku ya ndoa yake. Basi ndoa ikiwa karibu, mandolini ikaanguka kwenye sementi, mgongo ukapasuka.

Kaka yangu Fiston akaja mbio na msasa na kipande cha triplexi, ule ubao mwembamba wa dukani. "Nitasugua rangi yote, niweke kiraka, basi!"

Tonton Bahati, kaka yake mama, akamshika mkono. Alikuwa mwalimu, wala hakujifanya fundi.

"Fiston, unakimbilia wapi? Uliuliza kwanza hii ni muti gani? Miti haivimbe sawa. Mvua ya Bukavu ikikuja, itapasuka tena."

"Iko muti ya Ulaya, Tonton! Angalia mistari yake."

"Mistari naiona. Tuangalie na ndani."

Akanipa tochi. Nikachungulia kwenye tundu, pale rangi isipofika. Ndani hamkuwa na mstari hata mmoja. Ile ya nje ilichorwa tu. Mti wenyewe ulikuwa mwekundu wa kahawia, ukimetameta kila nilipoigeuza tochi. Fiston akaninyang'anya tochi, akatazama, akapiga mluzi.

Tonton akakwaruza kidogo ukingo wa ufa, akanusa, akanipa. Harufu ile niliijua! Nikakimbilia chumba cha mama, nikakwaruza nyuma ya kabati lake la libuyu, mti wa misitu yetu, lile lililotoka Shabunda, nikanusa tena. Nikarudi napiga kelele: "Libuyu! Iko libuyu! Iko muti ya kwetu!"

Mama akaja na mwiko mkononi, akanusa naye, akacheka huku machozi yanamtoka. Nani aliitia mandolini mgongo ule wa libuyu, akauchora mistari ya Ulaya? Mpaka leo sijui.

"Toeni ubao wa mgongo wa kabati langu," mama akasema.

Fiston akautupa msasa, akakata kiraka cha libuyu, akakigundisha, tukakiacha kikauke. Siku ya ndoa, yeye ndiye aliyeipiga mandolini. Furaha akaingia, vigelegele vikapasua kanisa, mama akacheza mpaka kilemba kikaanguka!

Mwanangu, wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini kwetu kipande kile cha mti ndicho kilichokuwa uzuri wenyewe. Ukitaka kutengeneza kitu, hata kama ni ndoa au moyo wa mtoto, uliza kwanza kimeumbwa kwa kitu gani, ndipo ushike msasa. Na usidhani kila kizuri kimetoka mbali.

Mungu akupe jicho la kuona ndani, mwanangu, na nyumba yako isikose wimbo.