Mapumziko ya Chuma

Jina la Chuma alipewa kazini, naye akalipokea kama mtu anavyopokea cheo. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwembamba wa kutupwa, lakini aliweza kujitwika robota la pamba na kupanda nalo ngazi bila kusimama kuvuta pumzi. Kwa miaka mitano alikuwa akishona magodoro katika karakana ya shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, na katika miaka hiyo hakukosa kazini hata siku moja. Akipata mafua, anakwenda nayo kazini. Akiumwa jino, anakwenda nalo kazini. Siku yeye na mama yake walipohama nyumba, alihamisha vyombo alfajiri na saa mbili alikuwa karakanani ameshika shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magodoro, kana kwamba hakuna lililotokea.

Kwa hiyo ugonjwa ulipomjia hakuutambua. Kwanza koo lilimkereketa. Akanywa maji, akaendelea. Kisha shingo ikamvimba pande zote mbili, hata fundi viatu wa mlango wa pili pale karakanani akamuuliza kama amemeza soli. Kilichomchanganya hasa ni uchovu. Uchovu alioujua yeye ulikuja jioni na kuondoka akishaoga. Huu ulikuwa umeamka kabla yake, unamngoja kitandani. Alikaa ukingoni mwa kitanda akiviangalia viatu vyake vilivyokuwa hatua mbili tu, akashindwa kuamini kwamba anaviogopa.

Mama yake akamkokota hadi zahanati. Daktari alikuwa kijana mwenye miwani na sauti ya chini, akamtazama koo, akambonyeza tumbo chini ya mbavu za kushoto, akatuma damu ikapimwe, kisha akawaita.

"Ni homa ya tezi," alisema. "Inaletwa na virusi, na hatuna dawa ya kuviua. Mwili wako wenyewe ndio utakaovimaliza, lakini utachukua wiki kadhaa, pengine miezi. Upumzike. Unywe maji kwa wingi. Sukutua koo kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu. Maumivu yakizidi, meza kidonge cha kawaida cha maumivu."

Halafu akavua miwani. Akawaambia kwamba wengu, kile kiungo kilichojificha upande wa kushoto nyuma ya mbavu, limevimba, na likiwa hivyo linaweza kupasuka. Likipasuka damu itavujia ndani, na Chuma anaweza kufa kabla hajafikishwa popote. Kwa wiki nne asibebe kitu kizito, asicheze mchezo wowote wa kugongana. Akisikia maumivu makali upande huo, au kwenye bega la kushoto, aje papo hapo.

Walitoka mikono mitupu. Mama mtu alifika hadi getini, akasimama, akageuka kuutazama mlango wa zahanati kama mtu aliyesahau mwavuli ndani.

"Sasa dawa iko wapi?"

"Kasema nipumzike, Mama."

"Hilo nimelisikia. Nakuuliza dawa."

"Ndiyo hiyo."

Basi pengo alilowaachia daktari, kila mtu akajitolea kuliziba. Mama alichemsha tangawizi, akakamulia ndimu na kutia asali, kikombe asubuhi, kikombe mchana, kikombe jioni. Shangazi akaleta kitunguu saumu, akaagiza punje tatu mbichi zipondwe na kumezwa bila kutafunwa, na akasimama pale pale kuhakikisha. Fundi viatu, ambaye hajawahi kuombwa ushauri na hajawahi kukosa kuutoa, alikuja na manjano ya kutia kwenye maziwa ya moto, akaonya kwamba maziwa na ndimu havikai tumbo moja. Mama akasema mgonjwa afungiwe pazia. Shangazi akasema mgonjwa aanikwe juani. Chuma, aliyezoea kutii maagizo ya kazi, akayatii yote. Alikunywa, akameza, akafungiwa na akaanikwa, mpaka tumbo likawaka moto na yeye asijue kipi ni ugonjwa na kipi ni tiba. Vilivyomsaidia kweli vilikuwa viwili: maji ya chumvi, yaliyompa nafuu ya kumeza uji, na usingizi. Lakini hivyo havikusifiwa na mtu, maana hakuna aliyekuja navyo mkononi.

Kwenye suala la mizigo, hapo hawakutaka mchezo. Mama alimpokonya ndoo. Akampokonya birika. Siku moja alimkuta ameshika kitana, akasita kidogo kabla hajamruhusu ajichane. "Daktari kasema usibebe," alirudia, na jambo hilo lilimfariji kwa sababu lilikuwa la kushikika. Kutobeba alikuelewa. Kupumzika ndiko kulikomtatiza.

Na kulimtatiza Chuma kuliko mwingine yeyote. Hakuna aliyewahi kumwonyesha kunafanywaje. Alilala chali, miguu imenyooka, meno yameumana, akingoja kupumzika kumalizike. Mama alichungulia mlangoni.

"Umepumzika?"

"Bado."

"Endelea basi."

Akaendelea. Aliihesabu misumari ya dari. Aliwaza marobota nani anayapandisha. Alijiona mtegaji wa kazi, neno ambalo karakanani kwao lilikuwa tusi kubwa kuliko mwizi. Kuna siku alijihisi mzima kabisa, akaamka akaoga, na alipomaliza kuoga hakuwa na nguvu ya kufunga kifungo cha gauni. Akalia kwa sababu ya kifungo. Kisha akashangaa kwamba amelia, akalala tena, akaamka hajui ni asubuhi au ni alasiri.

Wiki ya tatu homa ilishuka na shingo ikarudi kuwa shingo. Ndipo Shangazi alipokuja kumjulia hali. Nisimsingizie mama wa watu: hakuja kwa ubaya. Alimpenda Chuma kuliko alivyojua kusema, na alikuwa na mashaka ya kweli. Yeye mwenyewe alikuwa amefanya kazi tangu akiwa na miaka kumi na miwili, na kwa maoni yake mwili ukilazwa sana husahau kuamka.

"Wifi, huyu mtoto atadumaa humu ndani," alimwambia Mama. "Hata rangi imempotea."

"Daktari kasema apumzike, wifi."

"Apumzike, ndiyo. Nani kakataa? Kasema asibebe, hatabeba. Aje kwangu ashone kingo. Atakuwa amelala tu, na atakuwa na watu wa kuzungumza nao."

Hapa lazima mtu aelewe mambo ya karakana ile. Kazi, kwa watu wa pale, ilikuwa kubeba: kupandisha pamba, kugeuza godoro, kulishusha hadi kwa mteja. Kushona kingo hakukuhesabiwa. Godoro likishajazwa, fundi hujilaza juu yake kifudifudi, kifua na tumbo vikiwa ukingoni, akaushindilia kwa uzito wa mwili wake mpaka pamba ikaze kama ubao, huku mikono yote miwili ikiwa chini inavuta uzi wa katani. Uzito ukilegea, ukingo unalegea. Ilikuwa desturi ya pale tangu enzi za aliyemfundisha Shangazi: aliyechoka, aliyezeeka na aliyetoka kuugua, huyo ndiye hupewa kingo. Akishuka anaambiwa, haya, sasa umepumzika, inuka.

Mama alifikiri. Kulala ni kulala, akaona. Akakubali.

Chuma alikwenda kwa furaha kama mtoto anayerudishwa shuleni baada ya likizo ndefu. Walimlaki kwa vigelegele, wakamnyang'anya hata mkoba wake mwenyewe. Hakuruhusiwa kugusa robota. Akijaribu kuinua kopo la maji, mtu anapiga kelele. Shangazi alimtandikia shuka safi juu ya godoro la kwanza, akamsaidia kupanda, akampa shazia. "Tulia hapo, mwanangu. Pole pole." Naye akajilaza, mbavu za kushoto ukingoni, kama alivyofundishwa, akashindilia.

Paliuma. Paliuma kwa ndani, taratibu, kama kidole cha mtu kinachobonyeza bila kuacha. Alijiuliza ni nini. Akasingizia kitunguu saumu. Godoro la pili lilichukua siku mbili, maumivu yakawa yanamfuata mpaka nyumbani na kulala naye. Mama alipomuuliza kwa nini uso umesawijika, alisema hajui, na hakudanganya. Alikuwa amelala siku nzima kama alivyoambiwa, hajainua hata kikombe. Angeumia kwa kitu gani? Akaamua kwamba mwili unaopona ndivyo ulivyo, akajikaza kisabuni.

Godoro la tatu alikuwa amefika katikati ya ukingo pale bega lilipoanza kumchoma. Akadhani ni kwa kuvuta uzi. Akavuta mara mbili zaidi. Mara jasho la baridi likamtoka, shazia ikamponyoka, na Shangazi, aliyekuwa akichambua pamba upande wa pili, akauona mkono wa Chuma unaning'inia.

"Kuna nini?"

"Bega, Shangazi."

"Lipi?"

Chuma akafikiri kwa muda mrefu mno kwa swali jepesi hivyo. "La kushoto."

Shangazi alikuwa amesimuliwa maneno yote ya daktari na Mama, neno kwa neno, siku ile ile ya kwanza. Alitupa pamba. Fundi viatu alikwenda kusimama katikati ya barabara mikono juu mpaka gari la kwanza likafunga breki, na mwenye gari hakuulizwa kama anapenda.

Zahanati walimpitisha moja kwa moja kwenye mashine ya picha. Shangazi alisubiri nje ya mlango, midomo inacheza bila sauti, akiwa bado na vumbi la pamba kwenye nyusi. Mama alifika akiwa amevaa kiatu kimoja cha kwake na kimoja cha jirani. Waliposhikana mikono, hakuna aliyeweza kumfariji mwenzake.

Daktari alitoka baada ya muda. Wengu halijapasuka. Limevimba kuliko mwanzo, limechubuka, lakini halijapasuka. Atalazwa hapo, aangaliwe kila saa, na ikibidi atapelekwa hospitali kubwa kupasuliwa. Mama alikaa chini sakafuni. Daktari akawaingiza kwa mgonjwa na kumgeukia Chuma kwa ile sauti yake ya chini, safari hii ikiwa na ukali.

"Dada, ulibeba nini?"

"Sikubeba kitu."

"Ulianguka? Uligongwa?"

"Hapana. Nilikuwa nimelala."

"Alikuwa amelala, daktari," alisema Mama kutoka mlangoni. "Hata birika nilimkataza."

"Mimi ni shahidi," alisema Shangazi. "Wiki nzima amelala mbele ya macho yangu."

Daktari aliwatazama mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyeonekana kuchanganyikiwa. Aliwaza, akarudi kwenye picha, akarudi kwao. Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amefikiria kuliuliza.

"Amelala vipi?"

Shangazi hakupenda kutiliwa shaka. Palikuwa na kitanda kitupu kando. Akavua viatu, akakunja gauni, akapanda na umri wake, akajilaza kifudifudi ukingoni mwa godoro la zahanati. Mikono akaishusha chini, kana kwamba ameshika uzi. Akashindilia mpaka vyuma vya kitanda vikalia.

"Hivi," alisema, shavu likiwa limebanwa. "Hakuna zaidi. Kalala tu, anashona."

Daktari alimsogelea, akamwomba radhi, akapenyeza kiganja chake kati ya ukingo wa kitanda na mbavu za kushoto za Shangazi. Kiganja kilipita kwa shida, na kilipoingia kikakwama.

"Mama," alisema taratibu, "uzito wako wote sasa hivi uko wapi?"

Shangazi alifungua kinywa amjibu. Kisha akaonekana anausikiliza mwili wake mwenyewe, pale mkono wa daktari ulipokwama, mahali ambapo miaka arobaini alikuwa ameegemea bila kupafikiria. Daktari alipotoa mkono, yeye hakuinuka mara moja.

Alipoteremka hakuvaa viatu. Alikwenda kitandani kwa Chuma, akasimama, akauvuta mwisho wa shuka uliokuwa umenyooka tayari.

"Ulikuwa unaumia?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Tangu lini?"

"Tangu godoro la kwanza."

"Siku zote hizo. Mbona hukuniambia?"

Chuma alimtazama, macho mazito kwa uchovu, akiwa hana kinyongo chochote, akitafuta jibu la kweli kwa sababu ameulizwa.

"Nilidhani ndivyo kupumzika kulivyo," alisema.