Waya Mbili za Chumba cha Swichi

"Mama, ufagio wako umechomoa waya yangu!" fundi wa mtandao alinifokea mbele ya bosi na foleni ya wagonjwa waliokwama dirishani mtandao ulipokatika. "Chumba chenyewe unakifunga kwa ufunguo, nimeingia kama moshi?" nikamjibu. Hakunisikia, alishapiga magoti mbele ya swichi, vile visanduku vinavyogawa mtandao. Kila waya huivuta kidogo kabla ya kuiamini. Za mapokezi huzifunga utepe wa bluu, za maabara utepe mwekundu, kila idara ipite njia yake ingawa swichi ni zilezile. Akifikiri, huzinong'oneza kama anayembembeleza mtoto ale. Nikasimama mlangoni; siondoki nimepakwa matope. Mara akajipiga paji la uso, akanieleza alichokigundua. Jana aliunganisha swichi mbili kwa waya mbili zibebe mzigo pamoja, ila maagizo ya kuzifanya zitende kama waya moja akayaandika kwenye swichi moja tu, ya pili akaisahau, na taarifa zikabaki kuzunguka bila kufika. Akaandika yaliyobaki. Taa zilizokuwa zikipepesa kama zimepagawa zikatulia, foleni ikasogea. Akamfuata bosi, jasho likimtiririka: "Kosa ni langu. Mama hakugusa kitu." Akanigeukia. "Samahani, mama." "Imepokelewa," nikasema. "Sasa nipishe nifagie, vipande vya utepe vimejaa humo."