Njiwa Aliyepinduka Kuliko Wote

Sifa ni kwa Mungu, aliyenipa pumzi ya leo pamoja na kumbukumbu za zamani.

Asubuhi hii mkwe wangu amemwagia kuku aliyechinjwa maji ya moto amnyonyoe, na harufu ya manyoya yaliyolowa imenirudisha uani kwetu Mpanda, nikiwa binti mdogo.

Baba alifuga njiwa wanaopinduka angani, wale wanaojibiringisha kichwa chini miguu juu huku wakiruka. Kila baada ya mavuno aliwarusha, akawatazama, kisha akaamua nani atage, nani abaki tu, na nani aingie chunguni. Wangu alikuwa jike jeupe, na alipinduka kuliko wote. Siku hiyo alipinduka mpaka akagonga bati la paa la jikoni, ndipo akajiinua.

"Huyo leo mboga," kaka akanicheka.

"Baba, si ndiye hodari?"

"Hajui kuacha, mama," baba akajibu. Aliniita hivyo kwa sababu nilirithi jina la mama yake.

"Basi abaki, ila asitage."

"Ana dume lake, atataga tu. Na watoto wake wataanguka hivyo hivyo."

Akanipa nimshike huku akinoa kisu. Njiwa alikuwa na joto, ametulia mikononi mwangu. Baba aliponyoosha mkono, nikampa.

Mchana tulimla na ugali. Nilipewa kidari, kwa kuwa alikuwa wangu. Nikakimaliza na kushukuru kama tulivyofundishwa. Baba akaniuliza kama nina huzuni. Nilijitafuta moyoni, sikuona kitu.

Wewe unayesoma, Mungu akupe riziki ya leo, na akutunzie unachokipenda.