Nilimbishania marehemu mbele ya kaka yake

Leo mdomo wangu nusura unifukuzishe kazi, jamani.

Mnanijua. Kinyozi mkali kuliko wote hapa Thornton Heath, huku ughaibuni, na kwa ubishi sina mpinzani.

Mteja yuko kwenye kiti, kimya. Nikajua huyu Mjamaika, Kiswahili hasikii.

Basi mashine mkono huu, simu mkono ule, natuma voice kwenye grupu letu. Mada si mnaijua: yule aliyebadili jinsia, akauawa, magazeti yamwandike mwanamke au mwanamume? Nimewachapa wote. Nacheka peke yangu.

Mteja akasema, Kiswahili safi kuliko changu:

"Kaka, huyo mnayembishania ni mdogo wangu. Kesho tunamzika."

Nikazima mashine. Kichwa nusu kimenyolewa, nusu bado. Nikajua sasa anainuka, anamwita bosi.

"Pole sana, kaka." Nikaomba na radhi. Mimi huyu!

Akanitazama kwenye kioo. "Mitandaoni nimesoma mabishano yote. Hakuna hata mmoja aliyesema pole. Haya, malizia. Yeye alipenda niwe nadhifu."

Nikamnyoa kama bwana harusi. Akanitajia jina ambalo marehemu alijichagulia. Wakati anatoka, akanipa mkono.

Ahsante, kaka, popote ulipo. Ungeweza kuniachia aibu ukaenda zako.

Na nyie wabishi wangu, najua mnakuja. Karibuni. Ila anzeni na pole. Asiyeanza na pole nambloki, na kunyoa simnyoi.