Gauni la Matundu

Nikisikia harufu ya kanji ikikaukia kwenye pamba chini ya pasi ya makaa, mimi sijiwezi. Hata kama niko katikati ya mazungumzo na watu wazima wenzangu, akili inanitoka mbio na kurudi Garissa, kwenye kibaraza cha nyuma ya nyumba yetu, ambako bati lililia kwa joto kuanzia saa nne asubuhi na mama yangu alikaa na cherehani yake, kanga moja kiunoni, nyingine begani ya kujifutia jasho. Miaka ya tisini hiyo, nami nilikuwa msichana wa shule ya msingi, mdomo mrefu kuliko miguu. Kaeni vizuri niwasimulie habari ya gauni.

Mama alizaliwa Siyu, kisiwani Pate. Baba alikuwa Msomali wa Garissa, dereva wa lori. Walivyokutana si habari ya leo, na kila mmoja wao alikuwa na masimulizi yake. Kwao mama, wanawake walijua kushona kofia za wanaume kwa mkono. Unachora mapambo kwenye kitambaa cheupe, unatoboa vitundu kwa sindano nene, kisha kila kitundu unakizungushia uzi mpaka kisimame imara. Vitundu hivyo huitwa viua. Kofia moja inaweza kukumalizia mwezi na zaidi, na mama alianza kuzishona kabla meno ya utotoni hayajamtoka yote.

Garissa hakuna aliyemwagiza kofia. Alishona yunifomu za shule, kaptula za kaki na marinda ya buluu, mlima kwa mlima, na alizishona kwa uso wa mtu anayemeza dawa. Alichotaka ni kubuni. Hakutaka kunakili picha za majarida, wala kuajiriwa na Mhindi wala Mwarabu. Alimtafuta mchoraji wa vibao akamwandikia SIYU MITINDO, NGUO ZA KUBUNI, akakitundika kibao hicho juu ya lango letu, na punda wa mikokoteni ya maji wakawa wanapita chini yake wala hawana habari.

Na alikuwa na tabia moja iliyoniaibisha sana. Alikuwa akisimama njiani kutazama vitu. Twende soko la mifugo kununua maziwa ya ngamia, mama atasimama kukodolea macho ubavu wa ngamia, jinsi manyoya yalivyojikunja, mpaka mwenye ngamia adhani tunanunua. Twende mtoni Tana, atachuchumaa kwenye tope lililokauka na kupasuka, akifuata nyufa kwa kidole. Nikimvuta kanga, ananivuta mimi nikae chini. "Ndoo utazame," aliniambia kwa Kiswahili chake cha kisiwani. "Mapambo yako kila mahali. Yataka mato tu." Ndoo ni njoo, mato ni macho. Mimi niliona tope.

Sasa, nyumba hiyo ilikuwa na mwenyewe, naye ni Ayeyo, bibi yangu mzaa baba. Ayeyo alikuwa mtu wa Hadado, huko Wajir. Alikulia kwenye mifugo, akahamia mjini uzeeni baada ya ukame kuwamaliza ngamia. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na Kisomali cha mama kilikuwa cha kuombea chumvi. Kati yao nilikuwepo mimi, mkalimani. Na nawaambieni, kama nyumba ile haikuungua moto ni kwa sababu ya ulimi wangu. Ayeyo akisema, "Mwambie huyo mwanamke wa baharini chai yake ni maji ya kuoshea vyombo," mimi namwambia mama, "Ayeyo anauliza kama majani ya chai yamekwisha." Mama akijibu, "Mwambie mavyaa wangu jiko lile pale, apike mwenyewe," mimi namgeukia Ayeyo, "Mama anasema kesho atazidisha majani, inshallah." Wote wawili waliniangalia kwa wasiwasi, lakini wangefanya nini?

Kisha Edo Hibo akachumbiwa. Edo ndivyo tunavyomwita shangazi, dada wa baba, na Hibo alikuwa kitinda mimba wa Ayeyo, binti wa kucheka mpaka anakaa chini. Kwetu, siku ya saba baada ya arusi wanawake hukusanyika peke yao. Wale waliokwisha kuolewa humfunga bibi arusi kitambaa cha kichwani kinachoitwa shaash, ishara kwamba sasa ni mke miongoni mwa wake. Ngoma hupigwa, wanawake huimba mashairi yao, na macho yote huwa kwenye nguo ya bibi arusi. Nguo ya siku hiyo inazungumzwa kuanzia Garissa hadi kambi ya Ifo.

Edo Hibo akatangaza mbele ya watu kwamba siku yake ya saba atavaa gauni la kushonwa na wifi yake, yaani mama yangu. Wallahi, ungedhani amesema atavaa gunia. Edo Kaltuma, dada yake mkubwa, mwenye duka la nguo sokoni na ulimi wa Kisomali uliogeuza v kuwa f na p kuwa b, alipiga kofi paja lake. "Mimi niko na dera ya Isili, kule Nairobi, inang'aa kama taa ya gari, halafu wewe unafaa ya fundi wa yunifomu?"

Ayeyo hakupiga kelele. Aliniita, akaniweka mbele yake, akanishika bega ili nisitoroke. "Mwambie mama yako hivi, na usipunguze neno. Hibo atavaa zote mbili, kwanza ile ya Isili, halafu ya mama yako. Wanawake wakiicheka yake, kile kibao kinashuka langoni, na atashona yunifomu hadi nywele zigeuke nyeupe."

Nilitafuta mahali pa kutia sukari, nikakosa. Nikayasema kama yalivyo. Mama aliacha kukanyaga cherehani, akanitazama mimi badala ya Ayeyo. "Mwambie nimekubali," akasema. Nilitaka kulia. Nilijua kibao kile ndicho kitu pekee mjini Garissa chenye jina la kwao.

Kazi ikaanza. Mama alitoa pamba nyeupe nyepesi aliyokuwa ameihifadhi sandukuni, akasema atashona dera pana la kike lakini kwa ufundi wa kofia, vitundu mwili mzima, ili upepo upite. Alichora maua, akafuta. Akachora mapambo ya milango ya Siyu, akafuta tena. Nilimkuta amekaa kashika tama, kitambaa kimejaa alama za penseli. "Haya ni ya kwetu," akasema. "Hibo si wa kwetu. Nikimvisha haya nitakuwa nimejivisha mwenyewe."

Asubuhi moja alikwenda kumwaga maji ya kufulia karibu na zizi la mbuzi, hakurudi. Nilimkuta amesimama vile vile anavyosimama, beseni tupu mkononi. Juu ya zizi, kukinga jua, palikuwa pametandazwa mkeka wa zamani, mzito, uliofumwa kwa majani na nyuzi za maganda ya mgunga, ile mikeka inayofunika nyumba za wafugaji. Ulikuwa umejaa vumbi na mavi ya kuku. Mama aliuvuta, akaupigapiga, akaumwagia maji, na pale chini ya uchafu yakatokea mapambo: mistari, pembe tatu zikifuatana, vidoa vilivyopangwa safu safu mpaka kichwa kikazunguka.

"Nani kafuma huu?" akaniuliza.

"Wa Ayeyo, tangu huko Hadado. Sasa ni wa mbuzi."

Aliukunja, akaupeleka chumbani, akaufungia mlango. Wiki zilizofuata yunifomu zilirundikana, walimu wakaja kugomba, mama akawaambia watoto wasome na nguo za nyumbani. Nilimwona akihesabu nyuzi za mkeka kwa ncha ya sindano, midomo ikicheza, kisha akitoboa kitambaa. Vidole vilimvimba. Baba alirudi safari akakuta hakuna chakula, akaangalia mlango uliofungwa, akaenda hotelini mwenyewe.

Siku ya saba ikafika, na joto lake, ndugu zangu, sitalisahau. Wanawake walijaa uani chini ya turubai, udi wa unsi unafukizwa, sambusa zinapita, wamevaa vitambaa vya kung'aa visivyopitisha hata pumzi. Edo Hibo akatoka na dera la Isili. Vigelegele! Lilikuwa zuri, sikatai. Lakini hazikupita dakika nyingi jasho likaanza kumtiririka, wanja ukashuka mashavuni, kitambaa kikamgandia mgongoni, na bibi arusi mwenyewe akawa anajipepea kwa sahani. Akaingia ndani kubadilisha.

Mama alikuwa amesimama karibu na mlango, ameshika mkono wangu hata vidole vinaniuma. Edo Hibo akatoka. Gauni jeupe tupu, halina shanga wala kimeta, limepigwa kanji likakaa sawasawa, limetobolewa kuanzia mabegani hadi pindoni, na rangi ya kijani ya nguo ya ndani inachungulia kwenye kila kitundu. Safari hii wanawake walitazamana tu.

Edo Kaltuma akasafisha koo. "Wifi, bole sana. Nguo imekuliwa na mchwa?"

Weee! Wanawake walicheka. Walicheka wakashikana mabega, na mama akauachia mkono wangu. Nilimtazama Edo Hibo; machozi yalikuwa tayari yamemlenga. Nikawaza kibao kinashuka leo hii, kabla ya alasiri.

Ndipo Ayeyo akasimama. Alikuwa amekaa kimya siku zote saba za arusi. Watu walimwomba aimbe, maana aliwahi kuwa mshairi wa kuitwa mbali, naye alisema koo limekauka. Akaja polepole hadi kwa binti yake, akainamisha uso karibu na kitambaa, akaweka kidole kwenye bega na kukishusha, safu kwa safu, mpaka kiunoni. Kicheko kikapungua, kikakatika. Akarudisha kidole juu, akashuka tena. Kisha akaniita kwa sauti ya kukwaruza.

"Mwambie mama yako amekosea hapa. Ubavu huu. Safu hizi nilizipanga mbili mbili, yeye kaweka moja moja."

Nilitafsiri. Mama akasogea, akatazama, akafunga macho. "Mwambie najua. Nilibahatisha. Upande huo wa mkeka mbuzi wameula."

Nikasema. Ayeyo alinikodolea macho, akamkodolea mama, halafu kikatoka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia maishani mwangu, kicheko cha msichana, na machozi yakawa yanamtoka humo humo. "Wameula!" akawaambia wanawake kwa Kisomali. "Mkeka wangu wa ujana, mbuzi wameula, na huyu mwanamke wa baharini ameutoa matumboni mwao!"

Akaitisha ngoma. Akaimba, jamani. Sauti ilianza na kutu kisha ikafunguka, na wanawake wakawa wanaitikia na kupiga makofi, wale wale waliocheka. Alisema, mkeka wangu umeamka, unatembea kwa miguu ya binti yangu. Alisema, aliyekuja bila ngamia amekuja na sindano. Edo Hibo aliingia kati akacheza, na kila akizunguka upepo ulimpitia akazidi kucheza wakati wengine wameloa chapachapa. Wakamfunga shaash akiwa ndani ya gauni lile. Edo Kaltuma, mfanyabiashara hadi mwisho, alikuwa wa kwanza kushika pindo na kuuliza, "Wifi, hii unaweza kushona nyingine ya rangi ya bluu?"

Mama alilia, akacheka, akanibeba juu ingawa nilikuwa mkubwa wa kutobebeka. Wiki ile ile walianza kuja wanawake wa Garissa, na baadaye wa Wajir na wa Eldas, wakitaka gauni la matundu, kila mmoja na mkeka wa mama yake kwapani. Yunifomu alimwachia fundi mwingine. Nami nilijigamba shuleni kwamba mama yangu amemshinda Ayeyo.

Hivyo ndivyo nilivyoamini hadi nilipokuwa mwanamke mzima, siku niliyokaa na Edo Hibo tukinywa chai akanieleza asichowahi kunieleza. Kwa wafugaji, binti akiolewa, mama yake ndiye humfumia mikeka ya nyumba yake mpya. Mke hawi na nyumba mpaka mikono ya mama yake iifanye. Ayeyo aliwafumia mabinti wote waliomtangulia Hibo. Hibo alipochumbiwa, Ayeyo alikata majani, akaloweka nyuzi kwenye beseni, akakaa akingoja kuombwa. Lakini nyumba ya bwana arusi ilikuwa ya mawe, ina zulia na makochi. Hakuna aliyemwomba. Siku ya tatu alilibeba beseni mwenyewe akawamwagia mbuzi, na tangu siku hiyo hakuna kilichomfurahisha, si nguo ya Isili, si ngoma za arusi.

Mimi nilitafsiri kila neno lililosemwa katika nyumba ile, nikapunguza, nikaongeza, nikajiona ndiye niliyewafanya waelewane. Kumbe kitu kimoja Ayeyo hakukisema kwa lugha yoyote: kwamba anataka binti yake aolewe akiwa na kazi ya mikono ya mama yake. Hicho mama alikisikia peke yake, na hakuhitaji mkalimani.