Pinyo ya Kukimbia kwenye Njia ya Mchanga

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipomsukumisha shangazi yangu pikipiki akienda kuniposea mke. Usicheke. Au cheka tu, siku hizi mimi mwenyewe ninacheka.

Ilikuwa wakati wa Zaïre. Nilikaa mtaa wa Kapata, nikibeba unga wa muhogo kutoka vijiji vya njia ya Kasaji na kuuuza Kolwezi. Nilikuwa na pikipiki nzima na akili nusu. Kila nilichopata kiliishia kwa fundi, Tata Kalenga: vioo vinne, honi ya lori, na bomba la moshi likatobolewa ili Mwajuma, msichana niliyempenda, anisikie nikipita kwao. Mwisho nikataka abadilishe pinyo, lile duara la meno linalozungushwa na mnyororo kwenye gurudumu la nyuma. Nilitaka ndogo, nikimbie kwenye lami.

"Mutoto yangu," akasema, "hii itakimbia, lakini haitavuta. Kwa muchanga utafanya namna gani?"

"Tata, weye fanya tu."

Akafanya. Pinyo ya zamani akaitundika kwenye msumari.

Basi baba yake Mwajuma akaniita: Jumapili, baada ya adhuhuri, njoo na mkubwa wako, usipokuja, kuna mwingine anangoja. Mkubwa wangu alikuwa Shangazi Zaituni, kule kijijini. Asubuhi ya Jumapili hiyo nikaenda kumchukua. Shangazi alikuwa mama mwenye mwili wake, na mkononi ana jogoo wa kupeleka ukweni. Tulipofika mchangani, pikipiki ikanguruma wee, hatuendi popote. Kila nikiongeza mafuta, gurudumu lilichimba tu. Jua linapanda, na Mwajuma wangu anakwenda hivi hivi. Niliogopa, mwanangu, karibu nilie.

Shangazi akashuka, akakaza kitenge kiunoni, akasukuma.

"Bioo bine!" akasema. "Bioo bine, na mi natembea kwa miguu! Hii kitu ulitengenezea nani? Benye kuangalia, ao benye kubebwa?"

Nikashika usukani, nikasukuma naye.

Tulifika alasiri, wekundu kwa vumbi, jogoo amechoka kutushinda. Baba yake Mwajuma alikuwa mlangoni. 

"Mwezi muzima tunasikia kelele yako," akasema. "Nilisema huyu ni kelele tu. Leo umekuja unasukuma, na mukubwa wako hakukuacha. Muingie, mama apate maji."

Mwajuma ndiye aliyenipikia chai ninayokunywa sasa.

Kesho yake nilirudi kwa Tata Kalenga. Aliishusha pinyo ya zamani kutoka kwenye msumari, akaifunga. Vioo viwili niliviuza, nikachomelea nyuma kibebeo kipana cha chuma, chenye mto wa kukalia. Hicho kilitulisha miaka mingi.

Kwa hiyo, mwanangu, sikukatazi kurekebisha chombo chako. Kwanza iangalie njia unayopita kila siku, halafu umuulize atakayekaa nyuma yako. Fedha iliyomrahisishia yeye safari haikupotea. Mungu akufungulie njia, na penye mchanga akupe mtu wa kusukuma nawe huku akikugombeza. Ukimpata, safari ya pili mpakie.